Petroli au dizeli kwa gari la kifahari la safari: ulinganisho kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Mtu wa Mtwara au Lindi anayekusudia kununua Land Cruiser Prado, Land Cruiser 200 ambayo wengi huiita V8, Land Cruiser 300, Lexus LX au Range Rover husikia ushauri mmoja karibu kila anapouliza: chukua dizeli, kwa sababu ni injini ngumu, ina nguvu na haili mafuta. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umerithiwa kutoka kwa injini za kizazi kingine, na anayeufuata bila kuuchambua anaweza kujikuta na gari la bei kubwa lisiloendana na safari zake. Kwa maoni yangu, kinachopaswa kuamua ni namna gari litakavyotumika kila siku: urefu wa safari, uzito wa mzigo na mahali litakapojazwa mafuta.

Sifa ya ugumu wa dizeli katika ukanda huu imejengwa hasa na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile hardtop za hospitali, halmashauri na miradi ya maji. Nyingi zilifungwa injini ya 1HZ, yenye lita 4.2 na silinda sita, isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na yenye pampu ya mafuta inayofanya kazi kimakanika bila kutegemea kompyuta. Injini hiyo huvumilia dizeli isiyo safi sana, na fundi wa wilayani huweza kuifungua na kuifunga kwa vifaa vya kawaida. Dizeli iliyomo kwenye gari la kifahari la leo ni kitu tofauti kabisa. Injini ya 1GD-FTV ya lita 2.8, iliyoanza kufungwa kwenye Prado mwaka 2015, husukuma mafuta kwa mgandamizo unaozidi mara 2,000 ya ule wa hewa tunayoivuta, kupitia matundu membamba mno ya nozeli, yaani vipulizio vya mafuta, na kila tone hupimwa na kompyuta. Usahihi huo ndio unaoipa nguvu na uchumi wa mafuta, na usahihi huohuo ndio unaoifanya isivumilie uchafu. Majina yanafanana, dizeli na dizeli, lakini uvumilivu wa 1HZ haukurithiwa.

Nguvu barabarani

Katika kuvuta, dizeli inashinda bila ubishi. Prado ya petroli ya lita 2.7, yenye injini ya 2TR-FE, hutoa nguvu farasi 163 na mvuto, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm, wa Nm 246, na mvuto huo hufikia kilele injini ikiwa imezunguka karibu mara 3,900 kwa dakika. Prado ya dizeli ya lita 2.8 ya kuanzia 2015 hutoa nguvu farasi 177 na mvuto wa Nm 450, unaopatikana tangu mizunguko 1,600 tu. Na kuanzia 2020 injini hiyo iliongezwa hadi nguvu farasi 204 na Nm 500.

Tofauti hiyo huonekana mara tu gari linapobeba watu saba na mizigo yao. Anayetoka Masasi kwenda Newala hupanda ukingo mkali wa Uwanda wa Makonde, na hapo Prado ya petroli hulazimika kushusha gia mara kwa mara na kupiga kelele ili kupata pumzi, wakati ya dizeli hupanda kwa utulivu huku injini ikizunguka polepole. Hali ni hiyohiyo kwenye mchanga na tope la masika, ambapo dereva anahitaji mvuto wa chini bila kukanyaga sana, kwa sababu tairi likianza kuzunguka bure huchimba na kuzama. Kwa anayeingia Liwale kutoka Nangurukuru, njia ya zaidi ya kilomita 200 ambayo sehemu kubwa ni ya udongo, au anayezunguka vijiji vya Tandahimba wakati wa mvua, faida hii ina uzito mkubwa.

Kwenye magari makubwa zaidi pengo hupungua, na hapa wanunuzi wengi hupotoshwa na sifa za jumla. Land Cruiser 300, iliyozinduliwa mwaka 2021, ina petroli ya lita 3.5 yenye turbo mbili, nguvu farasi 415 na Nm 650, na dizeli ya lita 3.3 yenye turbo mbili pia, nguvu farasi 309 na Nm 700. Petroli ya namna hii haina unyonge wowote mlimani. Kwa hiyo hoja ya mvuto, ambayo ni nzito kwenye Prado ya lita 2.7, haimlazimishi mnunuzi wa Land Cruiser 300 kuchukua dizeli.

Hesabu ya mafuta

Lita moja ya dizeli hubeba nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takriban asilimia 10 au zaidi kidogo, na injini ya dizeli huitumia vizuri zaidi kwa kuwa hugandamiza hewa mara 15 au 16, wakati petroli ya kawaida hugandamiza karibu mara 10. Kwenye vipimo rasmi vya Japani, Land Cruiser 300 ya petroli huenda kilomita 7.9 hadi 8 kwa lita, na ya dizeli kilomita 9.7. Kwa Prado katika matumizi ya kawaida, ni busara kukadiria kilomita 7.5 kwa lita ya petroli na 10.5 kwa lita ya dizeli.

Tuchukue safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam, ambayo ni takriban kilomita 560. Prado ya petroli itakunywa karibu lita 75 na ya dizeli lita 53. Tukikadiria kwa urahisi kwamba aina zote mbili zinauzwa shilingi 3,000 kwa lita, mwenye dizeli anabakiwa na shilingi 64,000 kwa kila safari ya upande mmoja. Anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka ataokoa takriban lita 760, yaani karibu shilingi milioni 2.3. Anayetembea kilomita 8,000 tu, kwa sababu maisha yake yako kati ya Shangani, sokoni na Mikindani, ataokoa kama shilingi laki tisa.

Kiasi hicho kipimwe dhidi ya tofauti ya bei ya kununulia. Tuseme muuzaji anataka shilingi milioni 15 zaidi kwa Prado ya dizeli kuliko ya petroli ya mwaka na hali ileile. Mwenye kilomita 20,000 kwa mwaka atarudisha fedha hiyo baada ya miaka sita na nusu, na mwenye kilomita 8,000 atahitaji zaidi ya miaka 16, muda ambao gari litakuwa limekwisha kubadilisha mmiliki. Kwa anayeagiza mwenyewe kutoka nje, kuna jambo jingine la kuzingatia: ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini na umri wa gari, na lita 2.7 na 2.8 zote zimevuka cc 2,000, hivyo zipo kundi moja; lakini kwa kuwa kodi hukokotolewa kutoka kwenye thamani ya gari, ile bei ya ziada ya dizeli nayo hutozwa kodi.

Bei ya mafuta yenyewe haisaidii sana kuamua. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikitenganisha mafuta yanayopokelewa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na mikoa yetu huhudumiwa na Bandari ya Mtwara. Kuna miezi petroli huwa juu na miezi dizeli huwa juu. Anayenunua gari la kukaa nalo miaka mitano asiamue kwa kutazama bango la sheli la mwezi huu.

Kinachookolewa kwenye sheli, hata hivyo, kinaweza kuliwa na gereji, na sehemu kubwa ya dizeli za kisasa zinazoharibika huanzia kwenye mafuta.

Dizeli safi na nozeli

Maji ndiyo adui wa kwanza. Katika mwambao wenye unyevunyevu kama wetu, tangi lisilojaa hutoa jasho kwa ndani usiku, na matone hayo hutuama chini ya mafuta kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Mafuta yanayouzwa kwa madumu vijijini hupita kwenye mapipa na mipira ambayo hakuna anayejua historia yake. Injini ya 1HZ ingekohoa na kuendelea. Nozeli ya kisasa hupata kutu na kukwaruzika, na nozeli nne mpya halisi ni gharama inayoweza kufuta akiba ya mafuta ya mwaka mzima au zaidi.

Kuna kipimo rahisi ambacho kila mwenye dizeli anapaswa kukizoea. Chukua dizeli kidogo kutoka mahali unapotaka kujaza, itie kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, na iache imetulia kwa nusu saa mahali penye mwanga. Dizeli nzuri hubaki angavu kiasi cha kuweza kusoma maandishi nyuma ya chupa. Ikiwa ina ukungu, au ukiona mstari mwembamba umejitenga chini na unatingishika peke yake unapoinamisha chupa, hayo ni maji. Pia, chujio la dizeli kwenye magari mengi ya Toyota lina mahali pa kukusanyia maji chini yake, na taa huwaka kwenye dashibodi yanapojaa. Taa hiyo ikiwaka, simamisha gari na uyamwage maji. Usiseme utayamwaga ukifika.

Uchakachuaji nao haujasahaulika. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huiondolea ulainishaji, na pampu ya mgandamizo mkubwa, ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe, huanza kujisaga na kupeleka chembe za chuma mpaka kwenye nozeli. Uwekaji wa vinasaba, alama za siri za kutambulisha mafuta halali, ulioanza mwaka 2010, pamoja na kupandishwa kwa kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, ulipunguza sana mchezo huo. Bado inashauriwa kujaza kwenye vituo vikubwa vya Mtwara, Lindi, Masasi au Nangurukuru, na kubadilisha chujio la dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema, badala ya kungoja injini ipoteze nguvu.

Petroli husamehe zaidi. Injini ya 2TR-FE haina turbo wala pampu ya mgandamizo wa namna hiyo, na ikipata petroli mbaya kwa kawaida hutetemeka, huwasha taa ya injini, kisha hupona baada ya kusafisha tangi, nozeli na plagi. Zaidi ya hapo, petroli imesambaa kuliko dizeli kwa sababu ya bodaboda. Hata kijiji kisicho na kituo huwa na mtu mwenye chupa za petroli juu ya meza. Si mafuta ya kutegemea, lakini humtoa mtu porini.

Masizi na kimiminika cha urea

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi, nami naliona kuwa zito kuliko mvuto na ulaji wa mafuta kwa mtu anayeagiza dizeli ya mtumba. Prado ya dizeli ya lita 2.8 iliyotengenezwa kwa soko la Japani, pamoja na Land Cruiser 300 ya dizeli ya soko hilo, ina chujio la masizi kwenye eksozi na mfumo unaopuliza kimiminika cha urea, kinachojulikana zaidi kwa jina la AdBlue, ili kusafisha moshi. Kimiminika hiki kina tangi lake na huisha. Kikiisha kabisa, gari hutoa onyo, na baada ya hapo ukizima injini halitakubali kuwaka tena mpaka lijazwe, hata kama tangi la dizeli limejaa.

Chujio la masizi nalo lina tabia yake. Masizi yanayokusanyika huchomwa kwa joto la eksozi la karibu nyuzi 600, na joto hilo hupatikana gari likitembea mwendo wa kutosha kwa muda wa kutosha. Kutoka Shangani hadi Mikindani ni takriban kilomita 10. Injini haijachangamka vizuri na safari imekwisha. Gari likiishi maisha hayo miezi mfululizo, masizi hujaa, matumizi ya mafuta huongezeka, oili huchanganyika na dizeli, na mwishowe kompyuta huibana injini isitoe nguvu. Salfa si tatizo kubwa kama zamani, kwa kuwa nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia 2015. Tatizo ni ufupi wa safari, na hakuna fundi anayeweza kuurefusha mji.

Baadhi ya mafundi hupendekeza kung'oa mfumo wote na kuidanganya kompyuta. Sipendekezi. Kazi hiyo ikifanywa vibaya injini hupata joto kupita kiasi, moshi wa gari hurudi kuwa mweusi kwa watoto wanaosimama kando ya barabara, na anayekuja kulinunua baadaye atakuta gari ambalo halisomeki vizuri kwenye mashine ya kupimia. Anayetaka dizeli ni heri atafute iliyotengenezwa kwa soko la nchi zetu, ambayo mara nyingi haina urea wala chujio hilo, ingawa bei yake huwa juu.

Utulivu, maji na gesi

Kwa starehe, petroli iko mbele: haina mtikisiko wa dizeli gari linaposimama, na sauti yake ni laini. Dizeli za kisasa zimepunguza kelele sana, na kwenye lami ya Lindi kwenda Kibiti abiria wa nyuma hataona tofauti kubwa.

Wengine huamini kwamba dizeli haiogopi maji kwa kuwa haina plagi za cheche. Mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi–Dar es Salaam eneo la Somanga mwezi Mei 2024, imani hiyo ingeweza kumgharimu mtu injini nzima. Maji yakiingia kwenye silinda kupitia njia ya hewa hayagandamiziki, na kwa kuwa dizeli hugandamiza kwa nguvu zaidi, ndiyo inayopinda fimbo za pistoni kwa urahisi. Injini zote mbili zisubiri maji yapungue.

Petroli ina mlango mmoja ambao dizeli haina kwa urahisi, nao ni gesi asilia. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo inatoka mikoa hii hii, na bomba lililozinduliwa 2015 huipeleka Dar es Salaam, ambako vituo vingi vya kujazia magari vipo. Injini rahisi ya petroli kama 2TR-FE hufungwa mfumo wa gesi na kubaki na uwezo wa kutumia petroli. Kubadili dizeli ni kazi ngumu isiyo na maana kwa gari binafsi. Mtungi hula nafasi ya mizigo, na kwa sasa faida hiyo ni ya yule anayekaa Dar es Salaam sehemu kubwa ya mwezi. Inasikitisha kwamba watu wanaoishi juu ya gesi hiyo bado hawana wingi wa vituo kama wenzao wa jijini.

Nani achukue ipi

Mtumishi, mfanyabiashara au mstaafu anayeishi Mtwara au Lindi mjini, anayekwenda Dar es Salaam mara chache kwa mwaka na kubeba familia tu, achukue petroli. Ataagiza gari kwa bei nafuu zaidi, atalitengeneza kwa urahisi, na tofauti ya mafuta haitamuumiza. Mkandarasi, mnunuzi wa korosho au ufuta, au mtu yeyote anayepanda Newala na Rondo kila wiki na kuvuka kilomita 20,000 kwa mwaka, achukue dizeli isiyo na mfumo wa urea, na atenge fedha za chujio na nozeli tangu siku ya kwanza. Kwa Lexus LX 570 na Nissan Patrol Y62 swali halipo, kwa kuwa ni za petroli pekee zenye injini kubwa, na anayezitaka akubali kujaza mafuta mara nyingi. Kwa Range Rover, ya petroli au ya dizeli, umbali wa fundi mwenye kompyuta yake ni hoja kubwa kuliko aina ya mafuta. Gari likigoma Nachingwea, gharama ya kulibeba hadi Dar es Salaam itakuwa juu ya mwenye nalo.

Kabla ya kulipa, soma namba ya chasisi, kwa kuwa haidanganyi kama tangazo. Prado inayoanza na TRJ150 au GRJ150 ni ya petroli; GDJ150 ni dizeli ya lita 2.8 na KDJ150 ni dizeli ya lita 3.0. Kati ya 2009 na katikati ya 2015 Japani iliuza Prado 150 za petroli tu, hivyo KDJ150 ya miaka hiyo imetoka soko jingine, na historia yake iulizwe huko. Kwa V8, URJ202 na UZJ200 ni petroli, VDJ200 ni dizeli ya lita 4.5. Kwa Land Cruiser 300, VJA300 ni petroli na FJA300 ni dizeli.

KDJ150 inahitaji uangalifu wa pekee. Injini yake ya 1KD-FTV ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kabla ya kilomita 150,000, na nozeli yake ikivuja hutia dizeli nyingi kwenye silinda moja hadi pistoni ikapasuka. Fika kwa muuzaji asubuhi, uombe injini isiwashwe kabla hujafika, na uishike kwa mkono kuhakikisha ni baridi. Ikiwaka, tazama eksozi: moshi mweupe unaoendelea, mlio wa kugonga usiotulia, au mvuke mwingi unaosukuma kifuniko cha oili ukikilegeza ni dalili za kutosha kumwita fundi mwenye kipimo cha mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli. Akikuta moja inarudisha mafuta mengi kuliko wenzake, bei ya seti nzima ya nozeli iingizwe kwenye mazungumzo kabla ya fedha kutoka mkononi.